Neva kama Mpaka wa Dozi: Historia ya Madhara ya Vinkristini kwa Mishipa ya Fahamu, kutoka Indianapolis hadi Mulago na Eldoret

Utangulizi

Insha hii inahusu dawa moja na dhara moja. Dawa ni vinkristini, ambayo tangu mwaka 1963 imekuwa mhimili wa tibakemikali ya saratani za damu na za tezi, hususan kwa watoto. Dhara ni kuharibika kwa mishipa ya fahamu: ganzi ya vidole, maumivu ya taya, unyayo usionyanyuka, utumbo unaoacha kusukuma chakula. Katika vitabu vya tiba, dhara hili hutajwa ndani ya orodha ya athari zisizokusudiwa na kupewa mistari miwili au mitatu. Anayesoma makala za awali kwa jicho la kihistoria, hata hivyo, hukuta jambo jingine. Dhara la neva halikugunduliwa baadaye, dawa ilipokwisha kuzoeleka. Lilionekana na madaktari wa kwanza walioitumia dawa hiyo, na ndilo lililoamua ni kiasi gani cha dawa binadamu angepewa.

Hoja ya insha hii ni kwamba kwa takriban miongo minne madhara ya vinkristini kwa neva yalihifadhiwa katika maandishi ya kitabibu kama mpaka wa dozi zaidi ya kuwa ugonjwa wa mtu. Tofauti hiyo ina uzito. Mpaka wa dozi huwekwa mara moja, huandikwa kwa namba, kisha husafiri pamoja na dawa kila inakopelekwa. Ugonjwa wa mtu hauna budi kuchunguzwa upya kila mahali, kwa kuwa miili, lishe na dawa nyingine anazotumia mgonjwa hazifanani. Mpaka uliowekwa kwa wagonjwa wa Marekani ya miaka ya 1960 uliingia Afrika Mashariki pamoja na chupa za dawa, na takriban nusu karne ilipita kabla haujapimwa kwa watoto wa Kenya.

Ni vyema kueleza istilahi mapema. Maneno "mishipa ya fahamu" na "neva" yanatumika hapa kwa maana moja. Neno "ganzi" linahitaji tahadhari zaidi. Kiswahili hulitumia kwa mguu uliokaliwa muda mrefu, kwa meno yaliyokula embe bichi, na kwa sindano ya daktari wa meno. Wataalamu wa neva hutenganisha mambo matatu: kutohisi kabisa, kuhisi mwasho au mchomo usio na chanzo, na kuuma. Mgonjwa anayesema kwamba miguu yake imekufa ganzi aweza kukusudia lolote kati ya hayo, na mhudumu asiyeuliza zaidi huandika moja tu katika jalada. Sehemu ya kimya kinachozungumziwa katika insha hii inatokana na jambo dogo kama hilo.

Kutoka majani ya Jamaika hadi chupa ya Indianapolis

Mmea unaotoa vinkristini huitwa kisayansi Catharanthus roseus. Jina hilo ni geni kwa wengi, lakini ua lenyewe si geni: lina petali tano za rangi ya waridi au nyeupe, hustahimili jua kali na udongo hafifu, na hupandwa mbele ya nyumba katika nchi nyingi za joto. Asili yake ni Madagaska. Kutoka huko lilisambaa hadi Asia na visiwa vya Karibi, na katika sehemu mbalimbali watu walichemsha majani yake kama tiba ya kisukari.

Sifa hiyo ya kutibu kisukari ndiyo iliyoyafikisha majani hayo maabara. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, daktari Clark Noble wa Toronto alipokea bahasha ya majani kutoka Jamaika, akaipeleka kwa ndugu yake Robert Noble, mtafiti katika Chuo Kikuu cha Western Ontario nchini Kanada. Robert Noble na mkemia Charles Beer hawakuona sukari ikishuka kwa wanyama waliolishwa dawa hiyo. Walipoidunga kwa sindano, panya walikufa kwa maambukizi, na uchunguzi ukaonyesha kwamba chembe nyeupe za damu zilikuwa zimepungua mno na uboho ulikuwa umeharibika. Dutu inayoua chembe nyeupe ina maana ya pekee kwa mtafiti wa saratani ya damu. Mwaka 1958 walitangaza kupatikana kwa vinblastini.

Wakati huohuo, kampuni ya Eli Lilly ya Indianapolis ilikuwa ikichunguza mimea mingi kwa mpango wake, na huko Gordon Svoboda na Irving Johnson waliona kwamba dondoo za mmea uleule zilirefusha maisha ya panya wenye saratani ya damu. Kundi la Svoboda likatenga dutu ya pili, vinkristini, ambayo ilipatikana kwa kiasi kidogo mno: mamia ya kilo za majani makavu zilihitajika kupata gramu moja. Mwaka 1963 iliidhinishwa nchini Marekani kwa jina la biashara Oncovin.

Molekuli hizi mbili zinakaribia kufanana. Zinatofautiana katika kundi moja dogo la atomu, mahali ambapo vinblastini ina methili na vinkristini ina formili. Hata hivyo tofauti hiyo inatosha kuhamisha dhara kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Vinblastini hukomeshwa na uboho. Dozi ikizidi, chembe za damu huporomoka. Vinkristini huuacha uboho ukiwa salama kwa kiasi kikubwa na kuishambulia neva. Kwa madaktari wa wakati ule hii ilikuwa habari njema. Dawa nyingi za saratani zilizokuwapo ziliharibu uboho, hivyo haikuwezekana kuzipa pamoja bila kumwua mgonjwa. Dawa ambayo ubaya wake ulikuwa mahali pengine iliweza kuongezwa juu ya nyingine, na vinkristini ikapata nafasi katika michanganyiko iliyobadili hatima ya saratani ya damu ya watoto na ya ugonjwa wa Hodgkin katika muongo huo. Ni sahihi kusema kwamba dawa hii ilipendwa kwa sababu ya dhara lake.

Tuilinganishe na dawa nyingine ya kipindi hichohicho. Mwishoni mwa mwaka 1960, daktari Leslie Florence aliandika barua katika jarida la madaktari wa Uingereza akiuliza kama thalidomaidi, dawa ya usingizi, ndiyo iliyowaletea wagonjwa wake ganzi ya mikono na miguu. Barua hiyo ilisomwa na Frances Kelsey wa mamlaka ya dawa ya Marekani, naye akaitumia kuzuia idhini ya thalidomaidi hata kabla dunia haijajua habari za watoto waliozaliwa na viungo pungufu. Ganzi ya vidole, basi, ilitosha kuizuia dawa isiingie soko la Marekani. Miaka miwili na nusu baada ya barua hiyo, mamlaka ileile iliidhinisha vinkristini, ambayo dhara lake kwa neva lilikuwa tayari limeripotiwa. Hapakuwa na ukinzani wowote hapa: usingizi hauui, saratani ya damu ilikuwa ikiwaua karibu watoto wote walioipata. Jambo la kuzingatia ni kwamba mizani ile, ambayo ilikuwa ya haki, ilikuwa na matokeo ya kimaandishi. Ganzi ya thalidomaidi iliandikwa kama shtaka. Ganzi ya vinkristini iliandikwa kama gharama, na gharama iliyokwisha kukubaliwa haihitaji maelezo marefu.

Nyundo, kano na namba 2

Vinkristini hufanya kazi kwa kushikamana na tubulini, protini ambayo seli huiunganisha kuwa mirija membamba. Seli inapogawanyika, mirija hiyo ndiyo inayovuta kromosomu kwenda pande mbili. Ikizuiwa kuundwa, mgawanyiko hukwama na seli hufa. Seli ya neva ya mtu mzima haigawanyiki, na kwa mantiki hiyo ingepaswa kusalimika. Lakini neva nayo ina mirija ileile, inayoitumia kama reli ya kusafirishia mahitaji kutoka kiini cha seli hadi ncha za mbali. Neva inayohudumia kidole gumba cha mguu wa mtu mzima ina urefu wa karibu mita moja. Reli hiyo ikiharibika, ncha za mbali zaidi ndizo zinazokosa mahitaji kwanza. Ndiyo maana dhara huanza kwenye nyayo na vidole, hupanda polepole, na huacha mpaka unaofanana na soksi miguuni na glavu mikononi.

Makala za miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970 zinaeleza mpangilio huu kwa usahihi unaostahili kusifiwa. Sandler na wenzake walichapisha mwaka 1969 uchunguzi wa wagonjwa 50 wa saratani ya damu. Bradley na wenzake walifuata mwaka 1970, na Casey na wenzake mwaka 1973 kwa vipimo vya umeme wa neva. Kutokana na kazi za aina hiyo ilijulikana kwamba ishara ya mapema ni kupotea kwa mruko wa kano ya kisigino, yaani daktari hugonga kwa nyundo yake ndogo na mguu hauitiki. Baadaye huja mwasho wa vidole, kisha udhaifu wa misuli inayonyanyua unyayo. Kufunga choo, maumivu ya taya, kope kulegea na sauti kukwaruza hutokea kwa baadhi. Dawa ikisimamishwa, wengi hupata nafuu kwa miezi, ingawa kwa baadhi hali huendelea kuharibika kwa muda kabla ya kuanza kupona.

Kinachokosekana katika maandishi hayo ni mtu mwenye mguu. Nyundo hupima kile ambacho mgonjwa mwenyewe hakijui. Hakuna anayekwenda hospitali kulalamika kwamba kano yake haitiki. Kwa upande mwingine, yale anayoyajua mgonjwa au mzazi wake hayapimwi kwa nyundo: kwamba mtoto ameanza kujikwaa, kwamba ndala zinamtoka mguuni bila yeye kuhisi, kwamba hawezi tena kufunga vifungo vya shati la shule. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwaka 1979 mwongozo wa kuripoti matokeo ya tiba ya saratani, dhara la neva lilipangwa katika ngazi kuanzia 0 hadi 4, na aliyeamua ngazi alikuwa daktari. Hojaji ya kimataifa iliyotungwa mahususi ili mgonjwa mwenyewe aeleze ganzi itokanayo na tibakemikali ilichapishwa Ulaya mwaka 2005 tu, miaka 42 baada ya Oncovin kuidhinishwa. Kupima kwa nyundo hakukuwa kosa la mtu yeyote. Nyundo ilikuwapo, ilikuwa rahisi, na ilijibu swali lililoulizwa, nalo lilikuwa: je, dozi ijayo itolewe au isitolewe?

Kutokana na swali hilo ikazaliwa namba. Majaribio ya mwanzo yaliongeza dozi kwa uzito wa mgonjwa hadi neva ziliposhindwa. Uchunguzi mkubwa wa ushirikiano uliochapishwa na Holland na wenzake mwaka 1973, wenye wagonjwa 392, ulionyesha wazi kwamba dhara la neva lilipanda kadiri dozi ilivyopanda. Desturi iliyotulia kwa watu wazima ni takriban miligramu 1.4 hadi 1.5 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, na juu ya desturi hiyo ukawekwa ukomo: hata mwili uwe mkubwa kiasi gani, dozi moja isizidi miligramu 2. Hesabu yake ni rahisi. Mtu mzima mwenye eneo la mwili la mita za mraba 1.8 angestahili miligramu 2.7 kwa kanuni ya 1.5; kwa ukomo huu hupewa 2, yaani hupoteza zaidi ya robo ya dawa yake. Mwaka 1994 Haim na wenzake waliripoti kuhusu wagonjwa wa limfoma waliopewa dozi kamili bila ukomo, na mwaka 1997 McCune na Lindley walihoji misingi ya ukomo wenyewe. Hoja zao hazikuufuta. Yamkini hakuna namba katika tibakemikali iliyodumu muda mrefu hivyo kwa ushahidi uliojadiliwa mara chache hivyo.

Mulago: ishara moja, sababu nyingi

Uhusiano wa Afrika Mashariki na dawa hii ni wa mapema. Mwaka 1958, mwaka uleule wa vinblastini, Denis Burkitt, daktari mpasuaji mwenye asili ya Ireland aliyekuwa Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliowapata watoto wa Kiafrika. Uvimbe huo, ambao sasa huitwa limfoma ya Burkitt, hukua kwa kasi ya kutisha na pia huyeyuka kwa dawa kwa kasi hiyohiyo. Hivyo Kampala na Nairobi zikawa miongoni mwa mahali pa mwanzo duniani palipoonyesha kwamba uvimbe wa aina hiyo waweza kutibiwa kwa dawa pekee. Mwaka 1966 Burkitt alichapisha uchunguzi wake kuhusu jinsi uvimbe huo ulivyoitikia vinkristini. Mwaka uliofuata kilifunguliwa Mulago kituo cha tiba ya limfoma, kwa ushirikiano wa Makerere na taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani, chini ya John Ziegler. Kituo hicho ndicho chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda, na Charles Olweny akawa mkurugenzi wake wa kwanza Mganda wakati wageni walipoondoka katika utawala wa Idi Amin. Kitabu cha Marissa Mika cha mwaka 2021 kimeeleza historia ya taasisi hiyo kwa kina, na hakuna haja ya kuirudia hapa.

Kinachohitaji kuongezwa ni tatizo la ishara. Limfoma ya Burkitt yenyewe huvamia mfumo wa fahamu: neva za uso na za macho hupooza, miguu hupooza uvimbe unapobana uti wa mgongo. Vinkristini nayo hulegeza kope na kudhoofisha miguu. Mtoto wa Mulago aliyeanza kuchechemea katika wiki ya nne ya tiba angeweza kuwa anadhurika na dawa au anarudiwa na ugonjwa. Maamuzi yanayofuata ni kinyume: katika hali ya kwanza dawa hupunguzwa, katika ya pili huongezwa. Maji ya uti wa mgongo yangeweza kuchunguzwa ili kutafuta seli za saratani, na mara nyingi yalichunguzwa. Lakini hata majibu yalipoonyesha hakuna seli, bado zilibaki sababu nyingine ambazo daktari wa Indianapolis hakuwa na sababu ya kuzifikiria. Polio ilikuwa bado ikiacha watoto na miguu iliyolegea. Sindano za kwinini zilizodungwa vibaya kwenye tako ziliharibu neva kuu ya mguu. Utapiamlo nao huathiri neva.

Kwa maoni ya mwandishi wa insha hii, mkusanyiko huo wa sababu ndio unaoeleza kwa nini dhara la vinkristini halina historia iliyoandikwa kutoka wodi za Afrika Mashariki katika miongo hiyo, kuliko dhana kwamba madaktari hawakujali. Ili ganzi iandikwe kama ganzi ya dawa, ni lazima kwanza sababu nyingine ziondolewe, na kuziondoa kunahitaji muda, vipimo na mgonjwa anayerudi kliniki. Wengi walitoka mbali na hawakurudi.

Tatizo hilo halikwisha na miaka ya 1970, liliongezeka. Virusi vya Ukimwi vilipoenea, sarkoma ya Kaposi ikawa miongoni mwa saratani za kawaida katika eneo hili, na vinkristini, kwa bei yake nafuu na kwa kuhurumia uboho, ikawa dawa iliyotumika sana dhidi yake. Fikiria mgonjwa wa katikati ya miaka ya 2000. Virusi vyenyewe huharibu neva za miguu. Stavudini, iliyokuwa katika vidonge vya kufubaza virusi vilivyogawiwa kwa wingi, huziharibu pia. Kama ana kifua kikuu, isoniazidi huziharibu asipopewa vitamini B6. Juu ya hayo yote huwekwa vinkristini. Nyayo zake zikianza kuwaka moto usiku, hakuna nyundo inayoweza kugawa lawama kati ya wanne hao. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwishoni mwa mwaka 2009 kwamba stavudini iondolewe hatua kwa hatua kwa sababu ya madhara yake, neva zikiwa mojawapo. Hapa tena tunaona mizani ileile ya thalidomaidi: dawa iliyokuwa na mbadala iliondolewa kwa ajili ya ganzi, na isiyokuwa na mbadala ilibaki.

Sindano ya mgongoni

Kuna sura moja ya historia hii ambayo haiwezi kurukwa, ingawa ni fupi. Kwa kuwa dawa nyingi za saratani hazipenyi vyema hadi kwenye ubongo, watoto wenye saratani ya damu au limfoma hudungwa methotreksati moja kwa moja katika maji ya uti wa mgongo, mara nyingi siku ileile wanapopewa vinkristini kwenye mshipa wa damu. Sindano mbili, siku moja, chumba kimoja. Vinkristini ikidungwa mgongoni kwa makosa, huharibu neva kuanzia pale ilipoingia na kupanda juu, na karibu kila mara huua. Makala ya kwanza kueleza mabadiliko hayo katika seli za neva ilichapishwa mwaka 1968. Makosa hayohayo yakajirudia nchi baada ya nchi. Serikali ya Uingereza ilichapisha mwaka 2001 ripoti maalumu kuhusu kifo cha namna hiyo katika hospitali moja ya nchi hiyo, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya kimataifa.

Suluhisho lililopendekezwa halikuwa mafunzo zaidi wala adhabu. Vinkristini ichanganywe katika mfuko mdogo wa maji ya dripu badala ya bomba la sindano, kwa kuwa mfuko hauunganishwi kirahisi na sindano ya mgongoni. Wazo hilo ni jepesi kiasi cha kumfanya msomaji ashangae kwamba karibu miaka 40 ilipita kati ya maelezo ya kwanza na tahadhari hiyo. Jibu, nadhani, limo katika namna dhara lilivyoainishwa. Kila kifo kilichukuliwa kama ajali ya mtu mmoja, na ajali za watu mmojammoja hazijumlishwi mpaka atokee wa kuzijumlisha.

Eldoret na Blantyre

Mabadiliko ya kweli katika kulisoma dhara la neva yalianza pale watafiti walipouliza kwa nini dozi ileile humlegeza mtoto mmoja na kumwacha mwingine. Mwaka 2008 Renbarger na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Indiana kilichopo Indianapolis, mji uleule wa Eli Lilly, walichapisha uchambuzi wa majalada ya watoto wenye saratani ya damu. Dhara la neva lilirekodiwa kwa asilimia 34.8 ya watoto weupe na asilimia 4.8 ya watoto wenye asili ya Afrika. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini msomaji makini atazame chini ya asilimia: kundi la pili lilikuwa na watoto 21, kwa hiyo asilimia 4.8 ni mtoto mmoja. Pia ni majalada, na jalada huonyesha kilichoandikwa. Mtoto ambaye malalamiko yake hayakusikilizwa huonekana katika takwimu kama mtoto asiyedhurika.

Watafiti hao walikuwa na maelezo ya kibiolojia. Vinkristini huvunjwavunjwa kwenye ini na vimeng'enya vya kundi la CYP3A. Kimojawapo, CYP3A5, huivunja kwa ufanisi zaidi, na kimeng'enya hicho hufanya kazi kwa watu wachache wenye asili ya Ulaya lakini kwa wengi wenye asili ya Afrika. Ikiwa hivyo ndivyo, dawa hutoka mwilini mapema na neva hukutana nayo kwa muda mfupi. Rangi ya ngozi katika hoja hii ni kivuli cha jeni tu, na kivuli kisichoaminika. Njia ya kuipima ilikuwa kwenda mahali ambapo jeni hiyo ni ya kawaida na kuwachunguza watoto wenyewe badala ya majalada.

Mahali hapo palipatikana Eldoret. Chuo Kikuu cha Indiana kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Moi tangu mwaka 1989, na kutokana na uhusiano huo watoto wenye saratani waliotibiwa katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi walichunguzwa jeni zao, viwango vya dawa katika damu na hali ya neva zao. Matokeo yalichapishwa na Skiles na wenzake mwaka 2018. Takriban asilimia 90 ya watoto walikuwa na aina ya jeni inayotengeneza CYP3A5 kwa wingi, na dhara la neva lilikuwa dogo mno. Umuhimu wa kazi hiyo kwa mwanahistoria ni kwamba kipimo kilichukuliwa kwa nia ya kulitafuta dhara, jambo ambalo nyundo ya wodini, penye wagonjwa wengi na wahudumu wachache, haikuweza kulifanya.

Matokeo hayo yanaibua swali zito. Ikiwa dozi iliwekewa mpaka na neva zilizodhurika za wagonjwa wa Marekani ya miaka ya 1960, na neva za watoto wa Eldoret hazifikii mpaka huo, basi huenda watoto hao wamekuwa wakipewa dawa pungufu kwa ajili ya kuwakinga na dhara ambalo wengi wao wasingelipata. Katika saratani inayotibika, dawa pungufu hulipwa kwa ugonjwa kurudi. Hapa ndipo tofauti kati ya mpaka wa dozi na ugonjwa wa mtu inapoacha kuwa ya kinadharia.

Hata hivyo, isingefaa kukimbilia kuongeza dozi, na ushahidi wa tahadhari unatoka jirani. Mwaka 2010 Israels na wenzake walichapisha matokeo ya watoto wa Malawi waliotibiwa uvimbe wa Wilms, saratani ya figo, mjini Blantyre. Watoto hao walikuwa na utapiamlo na uvimbe mkubwa, na miili yao iliondoa vinkristini polepole kuliko ya watoto wa Ulaya waliolinganishwa nao. Jeni na njaa, kwa maneno mengine, huvuta pande mbili. Mtoto mmoja aweza kurithi kimeng'enya kinachoharakisha na kufika hospitali akiwa amekonda kiasi cha kukichelewesha. Zaidi ya hayo, rifampisini ya kifua kikuu huharakisha uvunjaji wa vinkristini, ilhali ritonaviri ya Ukimwi na itrakonazoli ya fangasi huuzuia, na dawa zote tatu hutumika katika hospitali za eneo hili. Tafiti za Eldoret na Blantyre haziwezi kuunganishwa kuwa kanuni moja ya dozi kwa "mtoto wa Kiafrika", kwa sababu mtoto huyo wa jumla ni wa kubuni kama alivyokuwa mgonjwa wa jumla wa 1963.

Kwa watafiti watakaotaka kuendeleza suala hili, chanzo ambacho hakijatumika vya kutosha ni kumbukumbu za kila siku za wauguzi na mahojiano na watu waliotibiwa utotoni na sasa ni wazee. Mtoto aliyekuwa na miaka minane Mulago mwaka 1968 alizaliwa karibu mwaka 1960. Aliyepona bado aweza kusimulia jinsi miguu yake ilivyokuwa, na aliporudi kijijini kama aliweza kukimbia na wenzake.